Wewe wa Nani?

Jumapili, 5 Oktoba

Ofisini Khuwair, hapa Maskati, saa nane mchana. Faili la mwisho, chai imepoa, watu washaanza kutafuta funguo za gari. Simu ikalia. Ile programu ya kumlinda mtoto. TAHADHARI, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, alama nyekundu kubwa: mwanao katumia neno lisilofaa. Thuraya ana miaka kumi na nne. Neno gani hilo?

Nikafungua. Kamwandikia rafiki yake kwa Kiingereza, somo la mapishi: kidari cha kuku, yaani kifua. Kidari! Kuku wa biriani kanitoa jasho mbele ya mkurugenzi. Nalipia kila mwezi upuuzi huu.

Lakini siiondoi. Simu tumempa mwaka huu baada ya mabishano marefu, na masharti yako palepale. Akaunti ya vijana, iliyofungwa. Nnaona nani anamfuata na yeye anamfuata nani. Simu hailali chumbani kwake. Mimi mchana niko kazini, Nassor babake yuko kazini Suhar mpaka Alkhamisi, basi mlinzi wa mchana ni Bibi, mama yake Nassor, tunakaa naye hapa Ghubra. Nimempa kazi moja tu: mtu asiyejulikana akimsemesha mtoto, muulize.

Kanicheka. "Raya, mie kuuliza ndiyo kazi yangu tangu sijaolewa."

Kweli. Hapiti mtu mbele ya Bibi bila ya kuulizwa wewe wa nani. Harusini, hospitali, kwenye foleni ya mkate. Akisikia neno moja la Kiswahili nyuma yake anageuka: wewe wa nani? Na hatulii mpaka amfikishe mtu kwa babu wa babu yake, Malindi au Vuga au Mkunazini, mitaa ya kwetu Unguja. Wallahi nilimwona mlinzi bora kuliko programu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimerudi nimemkuta Bibi kaweka simu yake sikioni, anacheka mpaka machozi. Thuraya kakaa pembeni. Sauti ya kijana: "Chei chei, Bibi! Shikamoo!" Kiswahili safi, cha mjini. Nani huyo? Mwenzetu, kasema Bibi. Anaitwa Salum.

Ana ukurasa wa picha za Unguja ya zamani na vyakula vya kwetu. Wiki iliyopita Thuraya alikuwa akimwonyesha Bibi, Bibi akamwamuru aandike kwamba vileja vya siku hizi havina iliki. Salum akajibu. Kisha akaomba azungumze na mkubwa mwenyewe, kwa heshima, si na mtoto. Basi wakahamia simu ya Bibi. Bibi hajui kuandika kwenye simu, anatuma sauti tu, na Thuraya ndiye katibu wake.

Nikasema kheri, kijana ana adabu. Anaacha simu ya mtoto anamtafuta bibi mtu! Wangekuwa wote hivyo.

Nikauliza, wa nani? Bibi kanijibu upesi: mjukuu wa Bi Salma wa Malindi, yule mwenye sauti ya kiume. Nikamwuliza, kasema yeye mwenyewe? Bibi kaniangalia kama nimeuliza jua linatoka wapi. "Sasa awe wa nani mwengine?"

Nikenda kupasha wali.

Alkhamisi, 9 Oktoba

Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Salum yuko Maskati. Kaja na mzigo wa Bibi: vileja vya iliki, visheti na karafuu kidogo. Bibi tangu jana hashikiki. Kashanunua chai mpya.

Hili si jambo la ajabu kwetu, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nusu ya vilivyomo kwenye friji langu vimeletwa na watu nisiowajua. Nimewahi kusimama uwanja wa ndege kupokea pweza mkavu kwa mwanamke ambaye mpaka leo simjui jina. Mtu wa kwetu akisafiri, anabeba mizigo ya mji mzima. Ukiambiwa una mzigo wako, unakwenda kuuchukua, basi.

Lakini huyu anataka Thuraya ndiye aende. Anaona haya kuwasumbua wakubwa. Nikasema nitakwenda mimi. Jibu likaja: saa zangu na saa zake hazipatani, nafasi yake ni ile ya mimi kuwa ofisini. Bibi kasema mtoto apande teksi, ana miguu, ana macho. Nikasema hapana. Bibi kanuna. "Mnanifanya mie ndiye mtoto wa nyumba hii."

Nassor kaingia na vumbi la safari, hajavua viatu, keshasikilizishwa kesi na mama yake. "Vileja tu, mama Thuraya. Usiifanye mahakama."

Mahakama! Wiki nzima yuko Suhar, mimi ndiye ninayelia na kuku na tahadhari, yeye anakuja Alkhamisi kutoa hukumu. Na mama mkwe hujibiwi. Unameza, unasema ndiyo Mama, unakwenda jikoni kugongagonga sufuria. Nimezigonga vya kutosha.

Thuraya hakula. Kasema kichwa kinamuuma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Wanaume wamerudi msikitini, tumekula pilau, Bibi kaanza tena. Salum kasema leo ndiyo siku yake ya mwisho, yuko Mawaleh, karibu na lilipokuwa soko la mboga. Nassor, kutaka amani, kasema atampeleka yeye. Atakaa garini, Thuraya ashuke, achukue mzigo, arudi. Hata mimi nikakubali. Babake yupo, nini tena?

Thuraya kenda kuvaa abaya. Hakurudi. Nikaita. Nikenda. Nimemkuta chini, kwenye sakafu ya hamamu, abaya imevaliwa mkono mmoja.

"Mama, msinipeleke. Sitaki vileja."

Akanieleza yote pale pale chini.

Salum alimwambia siku ya kwanza: simu yako ina macho ya mama yako, ya Bibi haina. Na ilikuwa kweli! Nilifunga milango yote ya simu ya mtoto, na ile ya bibi yake nikaiacha wazi kama mlango wa msikiti. Bibi akisharikodi salamu zake anampa Thuraya simu, andika, mwambie hivi na hivi, kisha anakwenda kutia udhu. Na yule anaanza. Mwanzo maswali ya skuli. Kisha sifa. Kisha kwamba yeye ni kama kaka, na siri za kaka na dada haziendi kwa mama.

Kisha picha. Picha hiyo kaipiga Bibi mwenyewe. Siku aliyomsuka Thuraya, akamtia kikuba cha asumini, akamfunga kanga yake, akasema mtumie Salum, Bi Salma naye aone mtoto wetu alivyokua. Mtoto ndani ya nyumba yake, nywele wazi, anacheka na bibi yake. Basi. Hiyo ndiyo picha yote.

Akaigeuza fimbo. Nitumie nyengine, la sivyo hii naipeleka skuli kwenu na kwa babako. Siandiki hapa alichokitaka. Karatasi ina haya kuliko yeye. Hakutuma, mwanangu, hakutuma hata moja. Akaambiwa basi njoo mwenyewe Mawaleh tuyamalize.

Na sisi, wazazi wake, na bibi yake, tulikuwa tunamvisha abaya tumpeleke. Ya Rabbi.

Nassor alikuwa keshasimama mlangoni na funguo. Nikampa simu ya Bibi. Kasoma kwa kusimama. Nilikuwa naogopa macho yake. Thuraya naye alikuwa akiyaangalia hayo hayo, ndiyo aliyotishiwa nayo siku zote hizi. Kafika kwenye picha. Kaitazama kwa kitambo.

"Nywele za mama yangu hizi," kasema. "Masha Allah."

Akakaa chini mlangoni, mtu mzima na dishdasha yake nyeupe ya Ijumaa, akamvuta mtoto kichwa akakilaza begani. Hapo ndipo Thuraya alipolia kwa sauti.

Baadaye akataka kwenda Mawaleh na fimbo. Nimemnyang'anya funguo. Tukenda polisi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijalala, lakini nna akili zangu zote, na zote zina moto.

Polisi walitupokea vizuri. Afisa binti mdogo, Mwarabu mtupu, Kiswahili hajui hata salamu. Kasema mmefanya vyema kuja upesi, msifute kitu, msimjibu. Kisha kasema: tafadhali nitafsirie. Nikatafsiri. Sentensi moja moja. Lugha ninayombembelezea mtoto wangu, lugha ya jikoni kwangu, nikaigeuza Kiarabu cha serikali, neno baada ya neno, mume wangu kakaa pembeni anatazama viatu vyake. Kuna maneno niliyasema nimefumba macho.

Leo nimesikiliza sauti zote tangu mwanzo. Za Bibi na za yule mshenzi. Nilitaka kujua kayajuaje ya kwetu. Hakujua lolote! Nasikia Bibi: wewe wa nani, mwanangu? Wa hapo hapo mjini, Bibi. Mjini wapi, Malindi? Hapo hapo Malindi. Aa, basi wewe wa Bi Salma! Kimya kidogo. Kisha: naam Bibi, umejuaje?

Umejuaje! Na Bibi anacheka kwa furaha. Kila swali alilouliza kalijibu mwenyewe. Kampa bibi, kampa mtaa, kampa mjomba aliyekufa, mpaka jina la skuli ya Thuraya na saa ninazorudi kazini. Jamaa kazi yake ilikuwa kuitikia naam. Mwizi gani huyu, mwenye nyumba anamshikia taa?

Halafu hawa wenye mtandao. Nimepeleka malalamiko. Wananiuliza lugha ya ujumbe, orodha ndefu, Kiswahili sikukiona. Nikachagua "nyengine". Nikaambatisha vitisho vyote. Jibu limekuja kabla chai haijapoa: tumeangalia, hatukuona kinachovunja kanuni zetu. Asante kwa kutusaidia kuwa salama!

Mmeangalia kwa jicho lipi? Kidari cha kuku nyinyi na wenzenu wa programu mnakiona kutoka mbinguni. Mtu anamwambia mtoto maneno ya kumvua utu, hamuoni, kwa kuwa kayasema kwa lugha ya bibi yangu. Sisi pesa zetu mnazijua. Matangazo ya buibui na udi mnatuletea mpaka kitandani, hapo mnatufahamu vizuri sana. Mtoto wetu akitishwa, tunakuwa "nyengine". Laana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wifi yangu kapiga simu. Habari zina mbio. Swali lake la kwanza: kwa nini mtoto alipigwa picha kichwa wazi?

Nimemwuliza yeye nyumbani kwake analala na shela? Nikakata. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na nimekata. Sijuti. Jambazi kaingia ndani, na watu wanauliza kwa nini mlikuwa mmelala!

Kazini nako wenye hekima wamejaa. Mnyang'anye simu. Mtoto wa kike simu ya nini. Nassor naye, kwa simu kutoka Suhar, kaanza kuuelekea upande huo, nimemkatiza. Simu ya Thuraya haikufanya kosa, ya mama yako ndiyo iliyofanya. Na mtoto katwambia. Kwa kuchelewa, kwa khofu, sakafuni, lakini katwambia. Tukimlipa adhabu kwa kusema, mara ya pili atatuambia nini? Nassor kakubali.

Jioni nikamkalisha Thuraya, bila ya ukali. Nikamwuliza kwa nini programu yangu haikulia hata mara moja tangu alipoanza kuwa na simu, ila kwa kuku. Kaniangalia kwa huruma, mimi mama yake.

"Mama, inasoma Kiarabu na Kiingereza tu. Darasani sote tunajua. Tukitaka jambo la siri tunaandika Kiswahili. Wenzetu Wabulushi wanaandika Kibulushi."

Sote tunajua! Wazazi tu ndio wajinga wanaolipa. Mimi na mama yangu tulikisema Kiswahili mbele ya mwalimu asitufahamu, tukijiona mabingwa. Mtoto karithi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimewatafsiria wale wenye mtandao. Ujumbe wote, kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, pamoja na namba ya kesi ya polisi. Nimewafanyia kazi yao bure. Saa moja baadaye ukurasa wa Salum haupo. Kwa hiyo walikuwa na uwezo. Ulikuwepo tangu Jumamosi.

Hakuna pole. Wamenitumia nyota tano niwape alama za huduma.

Jumapili, 19 Oktoba

Afisa kapiga. Kuna mtu ameitwa kuhojiwa. Hakuna Salum. Hakuna Malindi. Hajapata kuikanyaga Unguja maisha yake, Kiswahili kakijulia huku huku. Na picha haikufika skuli, alhamdulillahi. Simu ya Bibi nimeifunga milango kama ya mtoto, na Thuraya ndiye aliyenionyesha wapi pa kubonyeza.

Nilidhani nitapumua. Lakini Bibi ananitia khofu sasa.

Haulizi. Jana tulikuwa dukani hapa Ghubra, mwanamke akasema na mwanawe Kiswahili mbele yetu kwenye foleni. Bibi aligeuza uso akasoma bei ya mafuta ya kupikia. Mwanamke akamwamkia, kajibu marahaba, basi. Mke wa mtu, kwa lafudhi yake anatoka kwao Pemba, kasimama hapo, hana wa kumwuliza!

Ijumaa hakutaka kusukwa wala kumsuka mtu. Simu yake kaiweka kwenye droo ya kanga. Nimemwambia Mama, kosa si lako. Kasema, "Raya, usinipake mafuta. Ulinzi mlinikabidhi mie, na mie ndiye niliyemfungulia." Wiki nzima nilikuwa nikitafuta njia ya kumwambia maneno hayo hayo, na alipoyasema mwenyewe nilitamani ayarudishe mdomoni.

Namchukia yule mtu upya. Picha haikusambaa. Hili je? Kwetu sisi, tuliotawanyika huku na huku, swali la Bibi ndilo lililokuwa linatukusanya. Mimi mwenyewe nilichumbiwa kwa swali hilo, kwenye ngazi za hospitali. Kulitumia hilo kumkamatia mtoto! Simsamehi duniani wala akhera, na nimemwambia Mungu hivyo hivyo kwenye swala.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepita mlangoni kwa Bibi, nimewasikia. Thuraya kalala miguuni kwake.

"Bibi, kuuliza si kosa. Wewe unauliza halafu unajibu. Uliza, kisha nyamaza. Mwache amalize mwenyewe."

Bibi kasema wewe mtoto unanifunza mie kuuliza? Lakini hakusema kwa ukali. Nikaondoka nisionekane.

Ijumaa, 24 Oktoba

Joto limevunjika. Tumefungua madirisha.

Baada ya Alasiri, hodi. Msichana wa umri wa Thuraya, sahani mkononi imefunikwa kitambaa. Wamehamia nyumba ya pili, mama yake kamtuma na kaimati. Kaingia, kavua viatu, kenda moja kwa moja kwa Bibi. Shikamoo, Bibi. Kiswahili.

Bibi: marahaba. Akatazama mkeka.

Msichana kasimama na sahani yake. Nimeipokea. Thuraya katoka jikoni anajifuta mikono, kichwa wazi, kikuba cha asumini nyweleni. Sikujua kuwa kasukwa.

"Bibi," kasema. "Muulize."

Bibi akainua uso.

"Wewe, mwanangu, wa nani?"

Wa hapo hapo mjini, kaanza yule mtoto. Nilimwona Bibi midomo ikimcheza, mtaa ushamfika ulimini, jina lishamfika. Kaubana mdomo. Mikono kaiweka magotini, kamtazama msichana usoni, kangoja.